Usimnyime Mtu Waya

Jumamosi ile Winnipeg nzima ilikuwa mtoni. Mto ulikuwa umeganda tangu kabla ya Krismasi, na watu waliteleza juu yake kwa viatu vyao vya chuma, wazee kwa watoto, wengine wakisukuma vigari vya watoto wachanga waliofungwa mablanketi hadi puani. Ilikuwa digrii ishirini na saba chini ya sifuri na hakuna aliyelalamika, isipokuwa Orest Hnatiuk. Kamba za viatu vyake zilikuwa zimeganda zikawa ngumu kama msumari, na vidole vya miguu hakuvisikia tena.

Akajikokota hadi kwenye kibanda cha kuotea moto kilichojengwa pale pale juu ya barafu. Ndani watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, makoti yakifuka mvuke, pakinuka sufu mbichi na chokoleti ya moto. Akapata upenyo karibu na mwanamke mwenye kofia nyekundu ya kufuma, akainama, akaanza kupuliza fundo la kamba.

"Ukiendelea hivyo utakaa nalo mpaka Aprili," mwanamke akasema. "Pumzi ni maji, bwana. Unazidi kuligandisha."

"Basi nifanyeje, nilikate?"

"Lete mguu."

Orest akamtazama ili ahakikishe amesikia vizuri. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mashavu mekundu kwa baridi, amevaa sweta zito la sufu lenye mapambo meupe mabegani, lile ambalo mabibi wa Kiaislandi wa huko Gimli, kando ya ziwa, hufuma mpaka macho yanawauma. Akaupokea mguu wake, akauweka mapajani bila aibu, akatoa ndani ya glavu kifuko kidogo cha joto, akakibandika juu ya fundo na kukishikilia kwa mikono miwili.

"Baridi ya leo lakini," Orest akasema, maana lazima mtu aseme kitu mguu wake ukiwa mapajani kwa mtu asiyemjua.

"Eti ni baridi kavu."

"Ni kavu kweli."

"Kila mtu mji huu anasema hivyo. Nikifa nayo waniandikie kaburini: alikufa kikavu."

Orest akacheka hadi mzee wa pembeni akageuka. Wakaulizana majina. Yeye aliitwa Thora Bjarnason, na alifundisha watoto wadogo kuogelea kwenye bwawa la ndani, kazi ambayo Januari watu wote walimwonea wivu.

"Na wewe?"

"Fundi wa matanuri. Yale ya chini ya nyumba, ya kupuliza hewa moto."

"Kumbe wewe ni mkubwa kuliko meya!"

"Januari, ndiyo. Julai hata mbwa hanisalimii."

"Langu linalia kama paka."

"Kichujio ulibadilisha lini?"

"Kichujio gani?"

Orest akafumba macho kama daktari aliyeletewa mgonjwa siku ya mwisho. Kesho yake alikuwa chini ya nyumba ya Thora, amelala chali, na Thora ameketi kwenye ngazi akila maandazi ya viazi aliyoletewa na huyo huyo fundi. Ndivyo walivyoanza.

Wakaenda hivyo vipupwe viwili. Watu wa mji wetu hawana midomo ya mapenzi. Tuna midomo ya hali ya hewa, na Orest alikuwa bingwa wa wenye ugonjwa huo. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi alimpigia simu.

"Umeamka, bibiye?"

"Niko chini ya mablanketi matatu, Bwana Tanuri. Kuko vipi huko nje?"

"Thelathini na moja. Upepo unauma. Umevaa soksi mbili?"

"Niko kitandani, we mtu!"

"Hata kitandani. Bomba la jikoni umeacha lidondoke kidogo, lisigande?"

"Linadondoka."

"Gari umelichomeka kwenye umeme?"

"Nimelichomeka, nimelichomeka. Mwenzangu anaamshwa kwa 'nakupenda', mimi naulizwa mabomba."

"Mabomba yakipasuka utanikumbuka."

Thora akacheka, naye Orest akabaki na kicheko kile siku nzima, chini ya nyumba za watu, katikati ya vumbi na masizi. Alimpenda. Alimpenda mpaka akashindwa kulisema, akaona bora aseme soksi.

Krismasi yao ya kwanza alimletea zawadi ndani ya boksi la viatu. Thora alifungua akitetemeka, akakuta waya wa umeme wa rangi ya chungwa, mnene, mrefu kama kamba ya mbuzi.

"Ni wa kuchomekea gari," Orest akasema kwa fahari. "Haukakamai hata kwa hamsini. Nimekuandikia jina."

Kweli, karibu na kichwa cha waya palikuwa na utepe wa bluu, na juu yake herufi kubwa za kalamu nyeusi: THORA. Huku kila gari lina mkia unaotokea puani, waya mfupi wa kupasha injini, na asiyeuchomeka ukutani jioni huamkia jiwe lenye magurudumu. Mwanamke mwingine angemtupia boksi lile usoni. Thora aliuvaa ule waya shingoni kama mkufu, akacheza nao sebuleni nzima.

Siku hiyo Orest alimsimulia habari za baba yake, aliyekwama akiwa kijana kwenye barabara ya Dauphin usiku wa Februari, akagonga nyumba ya kwanza yenye taa. Wenye nyumba hawakumjua. Walimchomekea gari, wakampa supu ya viazi vyekundu, na asubuhi akaondoka mzima. "Mpaka anakufa alikuwa akituambia neno moja tu," Orest akasema. "Usimnyime mtu waya. Awe nani, awe wapi, wewe usimnyime."

"Nimesikia," Thora akasema. Na alikuwa amesikia kweli.

Kipupwe cha tatu, katikati ya Januari, Orest alinunua pete. Alikaa nayo siku tisa. Siku ya kumi, Jumatatu, Thora hakuwa na kazi, na Orest alimwahidi jana yake kwamba angepita asubuhi na kahawa. Akaitia pete ndani ya glavu yake ya kulia, iguse kiganja, ili asipate pa kukimbilia. Redio ilisema thelathini na nane chini ya sifuri. Alipiga kona ya mtaa wa Thora saa mbili kasoro robo, mwanga ndio kwanza unachungulia, kahawa mbili zikifuka mvuke pembeni yake.

Mbele ya nyumba ya Thora palisimama pikapu ya kijani. Waya wa rangi ya chungwa ulitoka ukutani kwa Thora, ukapita ndani ya theluji ukiibuka hapa na pale, ukaingia puani mwa pikapu. Gari dogo la Thora lilikuwa pembeni, limenyimwa waya, limefunikwa theluji na sakitu.

Orest akazima taa. Mtu mwingine angeona pikapu tu, lakini yeye baridi aliisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Theluji ilianguka jana tangu saa mbili usiku hadi saa tano, kisha mbingu ikatakata. Juu ya pikapu palikuwa na theluji ya shubiri nzima. Chini yake hapakuwa na hata chembe. Kioo kilikuwa cheupe, magurudumu yamebonyea chini kwa kulala mahali pamoja, na kutoka mlangoni kwa Thora hadi barabarani hapakuwa na unyayo hata mmoja. Aliyeingia jana jioni hakuwa ametoka.

Huku hakuna anayechomeka gari kwa dakika kumi. Mtu akilichomeka, ujue kavua viatu. Na mke wa kwanza wa Orest, tuseme tu ukweli, aliondoka Februari moja na mtu mwenye pikapu.

Hakubisha mlango wala hakupiga honi. Alirudi kinyumenyume hadi mwisho wa mtaa, akaenda kusimama kwenye maegesho ya duka la kahawa la kona, injini ikinguruma, akitazama mbele bila kuona kitu. Zile kahawa mbili zikapoa.

Saa mbili na nusu simu ikalia. Thora. Akaitazama ikilia mpaka ikachoka. Ikalia tena, na tena. "Sasa unatafuta uongo wa kuniambia," akamwambia kioo cha mbele. Mara saba ililia, mara saba akaitazama. Alama ya ujumbe wa sauti ikatokea, mmoja, kisha wa pili. Hakufungua hata mmoja. Akaitia simu kwenye kisanduku cha spana, akaenda kazini, na ujumbe wa tatu ukaingia humo humo bila yeye kuusikia.

Jumanne hakupiga simu saa kumi na mbili na nusu. Jumatano pia. Alifanya kazi kama aliyelaaniwa, nyumba sita, saba kwa siku, maana baridi haikulegea na matanuri ya mji mzima yalikuwa yakifa kama nzi. Wateja walimpigia soga zile zile.

"Baridi gani hii, fundi!"

"Ndiyo."

"Lakini angalau kavu."

"Kavu," akajibu, akaendelea kufungua skrubu.

Hakula wala hakulala. Pete aliisahau ndani ya glavu, au tuseme alijifanya kuisahau, na kila aliposhika nyundo ilimfinya. Thora naye hakupiga tena baada ya siku ile, na ukimya wake Orest akauhesabu kuwa ushahidi.

Jumamosi asubuhi akaitwa ng'ambo ya pili ya mto, kwa mzee mmoja aitwaye Armand Desrosiers, mjane, mwenye masharubu meupe na suruali iliyoshikwa na mikanda ya mabegani. Tanuri lake lilikuwa limezima tangu alfajiri, naye alikuwa amevaa koti na kofia ndani ya nyumba, anakaanga mayai.

"Karibu, kijana wangu. Usivue kitu. Humu ndani utaganda kabla mayai yangu hayajaiva."

Orest alishuka chini, akakuta kihisi cha moto kimechakaa, akakibadilisha. Tanuri likakohoa, likawaka. Alipopanda juu, mzee akamwekea kahawa.

"Kaa kidogo, joto lipande. Juma hili, lo! Mimi nilidhani nimeona baridi. Jumapili pikapu yangu ilinifia barabarani, saa moja jioni, upande ule wa kwenu. Nikagonga mlango wa kwanza."

Mkono wa Orest ukasimama na kikombe hewani. Kupitia dirisha la jikoni aliona ua wa nyuma. Pikapu ya kijani.

"Mwanamke akafungua," mzee akaendelea. "Hata jina langu hakuniuliza. Alitoka na soksi, kijana, na soksi! Akachomoa waya kwenye gari lake mwenyewe akachomeka langu. Nikamwambia, mama, na lako? Akasema, usijali, kesho sina kazi, na mchumba wangu ni fundi, anapita asubuhi, ana nyaya gari zima. Akaniitia taksi nikaenda kulala kwangu. Theluji ndiyo ilikuwa inaanza."

"Na... asubuhi?"

"Ah, asubuhi ilikuwa kilio. Nimefika saa tano na nusu, namkuta uani, analia, anapiga gari lake teke. Mama yake yuko nyumba ya wazee kule Gimli, walikuwa wamempigia, hali mbaya. Gari haliwaki. Taksi za kwenda huko hakuna. Huyo fundi wake hashiki simu. Nikamwambia panda. Nikampeleka mimi." Mzee akajifuta masharubu. "Njia nzima anamtetea. Simu yake itakuwa imezima kwa baridi, anasema. Huzima, ndiyo, hata yangu huzima. Halafu mimi mzee mpumbavu nikaondoka na waya wake nyuma ya pikapu. Wewe unapita upande ule? Mpelekee basi, usiku wa leo atauhitaji."

Akauleta kutoka kibarazani. Waya wa rangi ya chungwa, umekunjwa vizuri, na utepe wa bluu. THORA.

Orest hakumbuki alivyoaga. Anakumbuka ameketi kwenye gari la kazi, kisanduku cha spana kiko wazi mapajani, simu sikioni.

Ujumbe wa kwanza: "Bwana Tanuri, uko wapi? Wamepiga kutoka kwa mama, wanasema niende sasa hivi. Gari haliwaki, waya nimempa mzee mmoja, nitakueleza. Njoo haraka, mpenzi."

Wa pili: "Orest, shika simu. Tafadhali. Jirani yuko Arizona, taksi wanasema nisubiri masaa matatu au manne. Anaongea bado, wanasema bado anaongea. Shika simu."

Wa tatu ulikuwa mfupi, na nyuma yake ilisikika injini ya pikapu. "Nimepata mtu wa kunipeleka. Sijui umepatwa na nini. Vaa vizuri, leo baridi ni mbaya."

Akaegemeza kichwa kwenye usukani, akalia. Mwanamume mzima wa miaka arobaini kasoro moja alilia kwa sauti mchana kweupe, na machozi yakamgandia kwenye ndevu.

Saa saba alikuwa mlangoni kwa Thora. Alifungua akiwa na lile sweta la mapambo meupe, nywele hazijachanwa, macho yamevimba. Alitazama waya kwanza, kisha mtu.

"Umeutoa wapi?"

"Kwa mzee Armand. Tanuri lake lilizima."

"Limepona?"

"Limepona."

"Afadhali. Ni mtu mwema." Akaupokea waya. Hakumkaribisha ndani.

"Mama yuko vipi, Thora?"

"Yuko. Anatazama dirisha tu, haongei tena. Mimi nilifika saa saba mchana. Saa nne alikuwa bado anaongea, Orest." Akauzungusha waya mkononi. "Muuguzi anasema aliuliza mambo mawili. Nje kuna baridi kiasi gani. Na, Thora amevaa kofia? Basi. Muuguzi akamwambia nadhani amevaa. Hajasema kitu tena mpaka leo."

Orest akasogea hatua moja mbele.

"Sikiliza," Thora akasema haraka haraka, bila kumtazama. "Asubuhi ile simu yako ilizima. Kwa baridi. Huwa zinazima. Nimemwambia mzee Armand hivyo, nimemwambia muuguzi, nimejiambia mwenyewe kila usiku. Sema tu ilizima. Hizi siku tano nyingine tutazitafutia jina baadaye. Lakini asubuhi ile sema ilizima."

Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Ilizima. Nani angemkatalia? Kila mtu mjini alikuwa na simu iliyowahi kuzima kwa baridi. Angelisema, angeingia ndani, angevua viatu, na Jumatatu saa kumi na mbili na nusu angeuliza habari za soksi. Aliona yote hayo, na aliyataka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini alimwona pia Thora amekaa karibu na mtu wa uongo huo miaka thelathini, anampikia, anamlalia begani, hajui ni nani.

"Haikuzima," akasema. "Niliitazama ikilia."

Thora akamgeukia.

"Mara saba. Niliitazama mara zote saba."

"Ulikuwa wapi?"

"Pale kwenye duka la kahawa. Kona."

"Kona hii?"

"Hii."

"Dakika mbili," Thora akasema polepole.

"Dakika mbili. Nilikuja na kahawa, nikaona pikapu imechomekwa. Nikaona imelala. Nikadhani..."

"Ulidhani." Akacheka kicheko kibaya ambacho Orest hakuwahi kukisikia. "Miaka miwili unaniuliza soksi. Mabomba. Kichujio. Bomba linadondoka, halidondoki. Maneno yote hayo unayo! Ukakosa maneno manne ya kuniuliza, pikapu ya nani hii? Ungebisha tu. Ningekutolea ulimi nikakwambia, si wewe ulinifundisha? Si baba yako?"

"Najua."

"Hujui. Mama alikuwa anaongea, Orest."

Orest akafumba mkono wake wa kulia ndani ya glavu, na pete ikamchoma kiganja. "Siku ile nilikuwa nimekuja kukuuliza kitu..."

Thora akautazama ule mkono. Hakuwa mjinga. "Usikitoe," akasema. "Chochote kilichomo humo, usinitolee leo. Na usisimame mlangoni, unanimalizia joto." Akafunga mlango, Orest akiwa nje.

Akarudi kwenye gari lake, akakaa. Hakuwasha injini, maana kuwasha ni kuondoka na hakuwa na pa kwenda. Vioo vikaanza kuota sakitu kwa ndani, pumzi yake mwenyewe ikimgandia mbele ya macho. Vidole vya miguu vilimwuma, baadaye vikaacha kuuma, na hiyo ndiyo dalili mbaya, yeye mwenyewe huwaambia wateja.

Baada ya muda, labda nusu saa, akasikia theluji ikilia chini ya viatu. Akakwangua kioo kwa ukucha. Thora alikuwa uani, amevaa koti refu la mama yake na ile kofia nyekundu, akiburura waya wa rangi ya chungwa. Akauchomeka ukutani. Akaja nao mpaka kwenye pua ya gari la kazi, akapiga magoti kwenye theluji, akapapasa akautafuta mkia, akauchomeka.

Orest akafungua mlango. "Thora..."

"Sijakusamehe," Thora akasema akiwa bado amepiga magoti. "Sijui kama nitakusamehe. Ila ni thelathini na nne chini ya sifuri, na kuna mpumbavu mmoja aliniambia mtu hanyimwi waya." Akasimama, akajikung'uta magoti. "Saa tisa unanipeleka Gimli. Gari langu bado limekufa. Mpaka hapo kaa jikoni, chai iko pale, na usinisemeshe."

Akakaa jikoni. Hakumsemesha. Bomba lilidondoka tone kwa tone kwenye sinki kama alivyomfundisha, na chini ya nyumba tanuri lilivuma vizuri. Saa moja na kitu hiyo Orest aliiona ndefu kuliko siku zote tano. Saa tisa wakaondoka. Theluji ilipeperuka ikikata barabara, na Thora alitazama nje dirisha lake, mikono katikati ya magoti.

Kwenye nyumba ya wazee, Bi Gudrun, mama yake Thora, alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo, amefunikwa blanketi la sufu, macho yamekwama kwenye ziwa jeupe lisilokuwa na mwisho. Thora akambusu paji la uso, akamwita, akamshika mkono. Mama hakugeuka. Thora akaenda kusimama dirishani, akawapa wote wawili mgongo, na mabega yake Orest aliyaona yakipanda na kushuka.

Hakujua afanye nini. Alikuwa mtu wa neno moja maisha yake yote, hali ya hewa, na neno lenyewe lilimponza. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya yule mama, akavua kofia yake. Magoti yao yakakaribia kugusana.

"Shikamoo, mama," akasema. "Uliuliza juzi, hukupata jibu sawasawa. Nje leo ni thelathini na nne chini ya sifuri. Upepo unatoka kaskazini, lakini mdogo. Baridi ni kavu." Akasogeza kigoda karibu kidogo. "Na Thora amevaa kofia. Ile nyekundu. Nimeiona kwa macho yangu, imemfunika mpaka masikioni."

Macho ya mama hayakutoka kwenye ziwa. Orest akangoja, akiwa ameikunja glavu yake ya kulia mikononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Thora hakugeuka kutoka dirishani.

"Mwambie na soksi mbili," akasema.